Mtoto Akisema "Mimi Mlozi"

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma shuhuda za uponyaji na matangazo ya mikesha. Leo mtuvumilie, kwa maana tunaleta swali ambalo limetunyima usingizi nyumbani mwetu tangu mwisho wa Oktoba mwaka jana. Swali ni hili: neno ambalo mtoto amelisema katika mchezo, je, mtu mzima ana haki ya kulishika kama ungamo?

Tuanze na jambo lenyewe jinsi lilivyotokea.

Tunaye ndugu yetu mdogo aliyekimbia vita vya hapa Ituri, akakaa miaka mingi katika kambi ya Kyangwali kule Uganda, na kutoka huko akapelekwa Marekani pamoja na watoto wake. Hututumia picha kwa telefone. Siku ile alituma picha ya watoto wake wawili wamevaa kofia nyeusi ndefu zenye ncha na kucha za plastiki. Mmoja ameshika ufagio, na katikati yao kuna boga kubwa lililotobolewa macho na meno. Sauti yake ilisikika ikicheka: "Waoneni walozi wangu!" Sisi na mama watoto tulicheka nusu na kuguna nusu. Watoto wetu walicheka kabisa. Mkubwa ni msichana wa miaka 8, mdogo wake ana miaka 6. Walipouliza, tukawaeleza kwa kifupi kwamba jioni ya siku hiyo watoto wa kule hupita mlango kwa mlango wakijifanya watu wa kutisha, na watu huwapa vitu vitamu. Tukazima telefone, tukala, tukaomba, tukalala.

Kesho yake jioni, mama yao akiwa sokoni na sisi tukiwa kanisani, binti yetu alitia sasheti nyeusi kichwani, akajipaka makaa usoni, akachukua ufagio uliochakaa, akamvuta mdogo wake, wakatoka. Mlango wa kwanza ni wa bibi mmoja mzee. Huyo alicheka mpaka akakohoa, akawapa karanga. Mlango wa pili ulikuwa wa nyumba iliyozika mtoto mchanga wiki mbili kabla.

"Ninyi ni nani?" mama wa nyumba aliuliza.

"Sisi walozi. Mutupe biskuti."

"Na walozi wanakula nini?"

Binti yetu, ambaye aliona bado kwamba mchezo unakwenda vizuri, akajibu: "Wanakula watoto."

Asubuhi hapakuwa na mtu katika avenyu yetu ambaye hajasikia. Hakuna aliyetaja sasheti wala makaa. Walichosema ni kwamba mtoto wa shemasi ameungama. Jioni mmoja wa waombaji wetu alifika nyumbani kwa heshima zote, akakaa, akakataa chai, akasema ingefaa binti aletwe kwa siku 3 za kufunga, bila chakula wala maji, ili kinachosema ndani yake kijulikane.

Tuandike ukweli: hatukumjibu papo hapo. Sisi ni watu wa kanisa linaloamini maono na ndoto, na hatuoni haya kwa ajili hiyo. Tulimwambia atupe usiku mmoja. Na usiku ule, watoto wakiwa wamelala, tulichukua taa tukamulika uso wa binti yetu, huyu tuliyembeba mgongoni, tukamtazama muda mrefu tukijiuliza yeye ni nani. Mama yake alituona. Hakusema neno, alichukua taa akaizima. Mpaka leo hilo ndilo linalotuuma kuliko maneno yote ya jirani.

Baadaye tulitaka kujua hii sikukuu ni kitu gani. Ni mkesha wa Siku ya Watakatifu Wote, ambayo ndugu zetu Wakatoliki huiadhimisha tarehe 1 Novemba, na jina lake la Kiingereza latoka hapo. Watu wa Ireland tangu kale walikuwa na desturi zao za mwisho wa mavuno, usiku ambao walidhani wafu hutembea, na desturi hizo zikachanganyika na mkesha huo. Katika karne ya 19, njaa ilipowafukuza kwao, wengi walivuka bahari wakaingia nazo Marekani. Kwao walikuwa wakichonga taa katika mizizi mikubwa kama figili. Kule ng'ambo wakakuta maboga, na boga ni rahisi zaidi kuchongwa. Leo ni mchezo wa watoto na biashara ya maduka.

Lakini jambo lililotushika moyo ni lingine. Katika nchi hiyohiyo, wakati ilikuwa bado chini ya Uingereza, katika kijiji cha Salem huko Massachusetts, mwaka 1692, watoto wa nyumba ya mchungaji walianza kulia na kujinyonga-nyonga, wakataja watu kwamba wanawaroga. Watu 19 walinyongwa kwa kamba, mzee mmoja alikandamizwa kwa mawe mpaka akafa, na wengine walifia gerezani. Miongoni mwa waliofungwa alikuwamo msichana mmoja, Dorothy Good, mwenye umri wa miaka 4 au 5. Mahakimu walimhoji. Akasema ana nyoka mdogo anayemnyonya kidole, akaonyesha alama nyekundu kwenye kidole. Wakaandika kwamba ameungama! Mtoto wa umri huo, ukimwuliza kama ana nyoka, atakuambia anaye, na ukimwuliza kama ana tembo, atakuambia amelala chini ya kitanda.

Walimfunga kwa minyororo midogo. Mama yake, Sarah, alinyongwa tarehe 19 Julai mwaka ule, na maneno ya mtoto yalikuwa yametumika juu yake. Dorothy alitoka mwezi wa Desemba. Mwaka 1710 baba yake aliandika kwa serikali kwamba tangu gereza lile binti yake hakupata tena akili ya kujitunza.

Na wale waliohukumu hawakuwa wapagani. Walikuwa watu wa kufunga na kuomba, wanaosoma Kutoka sura ya 22 kama sisi. Mmoja wa mahakimu, Samuel Sewall, mwezi wa Januari 1697 alisimama kanisani kwake huko Boston mbele ya watu wote, wakati mchungaji akisoma barua yake ya kukiri kwamba lawama ni yake. Basi mtoto wa Marekani leo aweza kuvaa kofia ya mlozi na kupewa pipi, kwa sababu hakuna tena mtu atakayemfunga mnyororo. Mchezo ule umesimama juu ya makaburi ya watu, hata kama watoto hawayajui.

Kwetu sisi makaburi hayo ni mapya. Nani katika Ituri amesahau mwaka 2001, upande wa Aru, ambapo mamia ya watu waliuawa na majirani zao kwa shutuma ya ulozi tu? Waliouawa walitajwa kwa majina na watu waliokula nao. Na katika miji mikubwa ya nchi yetu, kuanzia Kinshasa, watoto wengi wanaolala barabarani walifukuzwa nyumbani kwa neno hilo moja, na mara nyingi neno lilitamkwa kwanza, au lilithibitishwa, ndani ya kanisa. Tunaona vibaya kuliandika, lakini ndivyo ilivyo. Serikali imeona. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, yakataza kumshutumu mtoto ulozi, na sheria ya Januari 2009 ya kulinda mtoto yamwekea mwenye kufanya hivyo kifungo cha mwaka 1 mpaka miaka 3, pamoja na faini. Ni wangapi kati ya waombaji wetu wanajua kwamba sheria hii ipo?

Tungetazamia makanisa ya manabii wa Afrika yawe ya kwanza kuogopa shutuma. Nabii Simon Kimbangu alihukumiwa kufa tarehe 3 Oktoba 1921 na baraza la askari, bila wakili wa kumtetea, na hukumu ilipobadilishwa alikaa gerezani miaka 30 mpaka kufa kwake. Wazungu wale waliona umati na nyimbo, wakaamua wenyewe maana yake. Baba zetu wametufundisha kulia juu ya hukumu ile. Halafu mtoto wa avenyu yetu anasema neno, na sisi nasi twaamua maana yake.

Ndugu mmoja alituambia: "Papa shemasi, je, unakana kwamba uchawi upo?" Hatukani. Maandiko yanautaja, na tumeona mambo katika maisha yetu ambayo hatuwezi kuyaeleza. Lakini swali letu si kama uchawi upo. Swali ni namna ya kujua, na nani alipe gharama ya kutojua kwetu. Mtazameni Eli, mzee wa hekalu. Samweli alimjia usiku mara tatu akisema ameitwa. Eli hakumfunga, hakumnyima maji. Alimwambia arudi akalale, akafikiri. Na katika Biblia nzima, mtu tunayemkumbuka kwa kubadili mavazi ili aende usiku kwa mwanamke mwenye pepo kule Endori ni mfalme Sauli, mtu mzima mwenye jeshi. Mtoto aliyejipaka makaa na kwenda mlango ulio wazi, jioni, kuomba biskuti, hafichi kitu.

Na sasa neno gumu zaidi. Tungekuwa wanafiki kama tungeandika haya kwa sababu tu yametufika sisi.

Zaidi ya miaka 10 iliyopita aliletwa kanisani mtoto wa kiume wa miaka 7, yatima wa vita, aliyekaa kwa mama yake mdogo. Alikuwa anakojoa kitandani, na biashara ya mama huyo ilikuwa imeanguka. Hayo ndiyo yaliyokuwa mashtaka yote. Walimweka siku 3. Kazi yetu ilikuwa mlango, kwa kuwa mlango ni kazi ya shemasi. Usiku wa pili alikuja mpaka pale tulipoketi akaomba maji. Tulikuwa na kibuyu chetu miguuni. Tulimwambia arudi ndani aombe. Siku ya tatu alikubali yote. Mtu alimwuliza kama usiku huruka mpaka Kisangani, akasema ndiyo. Mtoto huyu alikuwa hajafika hata Komanda. Watu walipiga makofi wakamsifu Mungu, na sisi tulipiga makofi. Mtoto mwenye njaa na kiu, akiulizwa swali moja mara hamsini na watu wazima wanaomzunguka, hujifunza upesi ni jibu gani litakalofungua mlango. Tulikiita ufunuo.

Kwa hiyo yule mwombaji aliporudi asubuhi, tulimwambia: anayetaka kufunga kwa ajili ya mtoto huyu, afunge yeye mwenyewe. Binti yetu atakula ugali wake na kwenda masomo.

Kisha tulimchukua binti tukaenda kwa ile nyumba ya pili. Wengine walitushauri tusiende, wakasema itakuwa kama kukubali kosa. Lakini tulikuwa na kosa, nalo halikuwa la mtoto: katika matanga ya nyumba ile tulikaa saa moja tu, tukaondoka kwa sababu ya mkutano. Mama yule alikuwa amempoteza mtoto kwa homa ya siku chache, na hakuna aliyeketi naye akamweleza kwamba malaria huua watoto wachanga hapa kwetu kila mwaka bila kutumwa na mtu. Alipouliza walozi wanakula nini, hakuwa akicheza wala kumtega mtu. Alikuwa anatafuta, na binti yetu akampa jibu. Tulimweleza binti yote haya njiani, kwa maneno ya umri wake, akalia sana. Pale nyumbani mama alitupa viti. Alimwuliza binti yuko darasa la ngapi. Mume wake hakutoka chumbani, na mpaka sasa hatusalimiani naye vizuri. Hatudai kwamba mambo yamekwisha.

Juu ya sikukuu yenyewe, wengine walitaka tuandike hapa kwamba ni ya Shetani, tufunge maneno. Hatutaandika hivyo juu ya watoto wa ndugu yetu, ambao tunawajua. Ila sisi hatutaki ichezwe hapa kwetu. Mchezo unahitaji watu wawili wanaojua kwamba ni mchezo, yule anayevaa na yule anayefungua mlango. Mlango wa kwanza katika avenyu yetu ulijua. Wa pili haukuweza kujua, na hatuwezi kumtuma mtoto wa miaka 8 akabahatishe ni mlango gani. Tumemwambia binti yetu kwamba neno lile hapa kwetu bado lina mkono unaopiga, na kwamba aibu ya mkono huo ni yetu watu wazima. Alituuliza: "Na Papa, wewe ulinipiga?" Tukamwambia hapana. Hatukumweleza juu ya taa.

Wazee wa kanisa wamekwisha kukubali kwamba mtoto asiwekwe mbele ya waombaji bila mzazi wake au mlezi anayempenda, na asinyimwe chakula wala maji hata saa moja. Juu ya kumtaja mtoto katika maono hawajapatana, na tutalileta tena.

Yule kijana wa miaka ile tulimtafuta, tukamkuta anaosha pikipiki karibu na soko. Tulimwambia sisi ni nani. Tulimwambia kwamba tulikuwa mlangoni, na kwamba maji tulikuwa nayo. Alisema anakumbuka kibuyu.