Makali na Mkunjo

Alasiri moja mpwa wangu, kijana aliyekwisha kuvuka umri wa kuchezea visu na kuingia katika umri wa kuvihitaji, alinijia barazani, na baada ya shikamoo yake na marahaba yangu akaweka juu ya jamvi visu viwili vya kukunja, ambavyo mwenye duka alikuwa amemwamini navyo mpaka magharibi, akasema: "Mjomba, wewe umetia kisu mfukoni tangu mimi sijazaliwa. Nichagulie kimoja." Nilivitazama vyote viwili nisimjibu, kwa kuwa ndani ya swali lake niliona swali jingine limelala, kama bapa lilalavyo ndani ya mpini: mtu mpole, asiye na ugomvi na jirani wala mpita njia, ana haja gani ya kuchukua makali mwilini mwake kila siku ya Mungu, sokoni na safarini, na atayachukuaje upole wake usipungue?

Haja yenyewe ni ndogo, na udogo huo ndio murua wake. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, lakini kisu changu hakionji nyama ila kwa nadra. Kazi yake ni kuambua gome la mswaki kabla ya adhana ya alfajiri, kumenya chungwa, kukata kamba ya mzigo uliofungwa na mtu ambaye hakufikiri kuwa utakuja kufunguliwa, kuchonga kalamu ya risasi, na kupasua bahasha bila ya kuichana barua iliyomo. Dafu lina panga lake, na ng'ombe ana kisu cha mchinjaji. Atakaye kuzifanya kazi hizo kwa kisu cha mfukoni amekidhulumu kisu na kujidhulumu mwenyewe. Bapa lisilozidi upana wa kiganja latosha kwa yote niliyoyataja, na lililozidi hapo limeanza kutafuta kazi ambazo siku ya mtu wa kawaida haina.

Wanafalsafa wa Kiyunani walikwisha kuipima hekima yao kwa visu kabla yetu. Katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri, Plato anamleta Socrates akieleza ya kuwa tawi la mzabibu laweza kukatwa kwa jambia au kwa chombo kingine chenye makali, lakini hapana kitakacholikata vizuri kama kisu kidogo kilichofuliwa kwa kazi hiyo. Basi kila kitu kina kazi yake, na wema wa kitu ni ile sifa inayokiwezesha kuitenda kazi hiyo vema. Aristotle naye, mwanzoni mwa Siasa, alisema kuwa maumbile hayatendi kwa ubahili kama wahunzi waliofua kisu cha Delphi, kisu kimoja kilichokusudiwa matumizi mengi. Naikubali mizani yao, lakini naona walipima upande mmoja. Kisu cha kukunja kina kazi mbili zilizo sawa kwa daraja, kukata na kukunjika, na anunuaye kwa kuijaribu ya kwanza peke yake amenunua nusu ya kisu.

Tuanze na kukata, maana wako watu wadhanio kuwa kisu butu kina amani zaidi. Hasha! Kisu butu hutaka nguvu, na nguvu ikizidi mkono hupotea njia, bapa likateleza juu ya ganda la chungwa likaishia kidoleni. Ilhali kisu kikali huufuata mkono unaokiongoza bila ya kushurutishwa. Katika Hadithi iliyopokewa na Shaddad bin Aws, iliyomo katika Sahihi Muslim, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifundisha kuwa Mungu ameandika ihsani juu ya kila kitu, hata juu ya kuchinja, akaagiza mchinjaji alinoe bapa lake na ampunguzie mnyama mateso. Tazama jinsi kunoa, kazi ya mtu mwenye kinoo na maji kidogo, kulivyotiwa katika daftari la ibada! Ukali hapo ni rehema, na ubutu ni dhuluma ya mtu mvivu.

Ukali huo haupatikani kwa chuma chochote. Chuma cha pua kikitiwa motoni mpaka kiwe chekundu, kisha kikazamishwa ghafula katika maji au mafuta, huwa kigumu mithili ya kioo, na mithili ya kioo huvunjika. Kwa hiyo mhunzi hukirudisha motoni mara ya pili, kwa moto mpole, akakipunguzia ugumu kidogo ili akipe ustahimilivu. Kilichokosa moto wa kwanza hupinda, kilichokosa wa pili hukatika, na mwenye kulea watoto hatakosa kuyaelewa maneno haya. Fauka ya hayo, sisi wakazi wa pwani tuna adui mwingine, nayo ni chumvi iliyomo hewani, ambayo hukila chuma mfukoni kama mchwa walavyo boriti. Kisu cha chuma cha kale hupata makali upesi juu ya kinoo, kwani kinolewacho hupata, lakini humtaka mwenyewe akipanguse na kukipaka mafuta kila akatapo ndimu; asiyeiweza ahadi hiyo na anunue cha chuma kisichoshika kutu, ambacho Harry Brearley wa Sheffield alikiyeyusha mwaka 1913 kwa kuchanganya na chuma takriban sehemu 13 katika 100 za kromiamu. Huko Ibach, Uswisi, Karl Elsener, aliyefungua karakana yake mwaka 1884 na kuanza kuwapelekea askari wa nchi yake visu mwaka 1891, aliipa kazi yake jina la Victoria, jina la mama yake, baada ya mama huyo kufariki mwaka 1909. Na mwaka 1921 jina hilo likaongezwa neno la kuonyesha chuma kisichoshika kutu, likawa Victorinox. Mtu akitia jina la mama yake juu ya bapa amejiwekea shahidi asiyeweza kumdanganya.

Huulizwa hapo kama si israfu kutoa fedha nyingi kwa kitu kinachopotea ndani ya kiganja. Nasema israfu hukaa mpinini, katika lulu na pembe na nakshi ziwekwazo ili zitazamwe, wala si katika bapa wala katika bawaba. Maskini ndiye asiyeweza kumudu kisu kibaya, kwa sababu atakinunua mara tano. Na tajiri mwenye visu ishirini vizuri sandukuni, ambavyo havijapata kumenya hata chungwa moja, amenunua kimoja cha kazi na kumi na tisa vya majivuno.

Sasa nije kwenye kukunjika, ambako karo yake niliilipa kwa damu. Ujanani nilinunua kwa mchuuzi kisu kilichong'aa kuliko fedha, kwa bei iliyonifanya nicheke peke yangu njiani, nikasahau kuwa rahisi huvunja upishi. Siku ya tatu nilikuwa nikiikata kamba ya makumbi, na kamani iliyopaswa kulishika bapa ilikuwa legevu. Bapa likarudi nyuma pasipo kuamriwa, likanibana kidole cha shahada kati ya makali na mpini. Kovu lake ningali nalo, nami huliona kila nisomapo tahiyatu, kidole hicho kinyanyukapo.

Kovu hilo ndilo lililonifunza kuwa kukunjika si kulegea, na kwamba kisu kijikunjacho bila ya amri ya mwenyewe ni dhaifu, hakistahili kuitwa kipole. Mafundi walihangaika sana na jambo hili. Katika Savoie, nchi ya milima huko Ufaransa, Joseph Opinel alianza mwaka 1890 kutengeneza kisu chepesi chenye mpini wa mti, na kwa miaka 65 bapa lake lilishikwa na msuguano peke yake, hata ilipofika mwaka 1955 ndipo ilipokamilishwa pete ya chuma izungushwayo kwa kidole gumba ili kulizuia bapa lisimwangukie mtumiaji. Waingereza, katika sheria yao ya 1988, walilitazama jambo hilo hilo kutoka ng'ambo ya pili: walimruhusu mtu kuchukua hadharani, pasipo kutakiwa udhuru, kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, na mahakama zao zikafasiri kuwa kisu ambacho bapa lake hujikaza likiwa wazi hakimo katika ruhusa hiyo, kwa kuwa hakiko tayari kukunjwa wakati wowote. Fundi anataka bapa lisimsaliti mtumiaji. Hakimu anataka mtumiaji asikawie kulirudisha bapa. Wanaonekana kupingana, na kumbe wanadai jambo moja, makali yawe chini ya hukumu ya mkono.

Na mkono uko chini ya hukumu ya nani? Sura ya Hadid, iliyopewa jina la chuma chenyewe, yatwambia kuwa Mungu alikiteremsha chuma na ndani yake mna nguvu kali na manufaa kwa watu, na mambo hayo mawili yamekaa pamoja katika aya moja kama bapa na mpini. Mtume aliwaamuru wapitao misikitini na sokoni wakiwa na mishale wazishike ncha zake wasije wakamjeruhi mtu, akakataza pia watu kupokezana upanga uliochomolewa alani. Hakuwaambia waitupe mishale. Aliwataka wajue ncha zake ziko wapi. Na katika kisa cha Yusuf, wale wanawake wa mjini waliopewa kisu kila mmoja karamuni hawakuwa na hasira wala uadui. Walimwona Yusuf akitokea, nyoyo zikaondoka, visu vikabaki mikononi, wakajikata. Jeraha, basi, halingoji uovu. Hutoshwa na mtu ambaye moyo wake haupo pale ulipo mkono wake.

Atasema mcha Mungu mmoja kuwa, ikiwa ni hivyo, salama ni kutochukua kisu kabisa. Hoja hii ina uzito, nami siidharau: ajijuaye kuwa hamaki yake hufika kabla ya akili yake, na akiache kisu nyumbani, kwa maana kukiacha huko ndiko kukikunja kwake. Lakini asiitangaze hali hiyo kuwa ndiyo daraja ya juu ya upole. Asiyeweza kupiga akisema amesamehe, nani atakayejua kama ule ni msamaha au ni uchovu? Tulifundishwa kuwa mwenye nguvu si mshindi wa mieleka, bali ni yule aimilikiye nafsi yake wakati wa ghadhabu. Na hapana kumiliki pasipo kitu cha kumilikiwa. Zaidi ya hayo, yako makali ambayo hapana awezaye kuyaacha nyumbani. Hakimu ana kalamu, mwalimu ana neno la kumwaibisha mtoto mbele ya wenzake, mume na mke kila mmoja anajua pale mwenzake anapoumia. Wote hawa wanatembea na bapa mfukoni usiku na mchana, na mashaka yao ni kwamba wengine bawaba zao zimeshika kutu wakiwa wazi. Kwa mtu wa namna hiyo kisu kidogo cha chuma ni kama ubao wa chuoni kwa mtoto: juu yake hujifunza, mara nyingi kwa siku na kwa hasara ndogo, kufungua kwa sababu na kufunga sababu ikiisha.

Mpwa wangu aliyasikiliza haya yote kwa adabu, kisha akauliza kama waulizavyo vijana: "Basi, mjomba, ninunue kipi?" Nikamwambia avifungue na kuvifunga vyote viwili mara kumi kumi. Kimoja kilifunguka kwa kishindo cha kupendeza, lakini kilipotakiwa kufungwa kilidai vidole viwili na uso uliokunjamana; bapa lake lilitikisika kulia na kushoto juu ya ribiti, na lilipolala liliegemea upande mmoja wa mpini. Cha pili kilifunguka kwa ukucha bila ya makeke. Bapa lilisimama imara, na lilipoamriwa kurudi lilipita katikati, likaingia mahali pake kwa sauti ndogo, kama mlango wa nyumba ya mtu mwenye haya. Bei yake ilizidi ya mwenzake kwa theluthi. Alikifunga tena mara ya kumi na moja, ambayo sikumwagiza, nami nikajua amekwisha kuchagua.

"Tazama makali yake, mjomba," akasema. Akakifungua, akaukata uzi uliokuwa ukining'inia kwenye upindo wa kanzu yangu, akakikunja, ndipo akanipa.