Pesa Inafika Kabla ya Mzigo

Fundi cherehani wa Songea anayetafuta mashine ya ovaloki iliyotumika hana tena haja ya kupanda basi hadi Kariakoo. Picha anaziona kwenye simu, bei anapatana kwa ujumbe wa sauti, na pesa inavuka zaidi ya kilomita 900 kabla hajarudisha simu mfukoni. Mashine yenyewe itafungwa kwenye gunia, itaandikwa jina na namba ya simu kwa kalamu nene, itaingizwa kwenye buti ya basi na kufika kesho yake, au keshokutwa. Katika saa hizo za katikati mmoja ameshatoa mtaji wake wote na mwenzake bado hajatoa kitu. Likiharibika jambo tunasema fundi hakuwa makini, kauziwa mbuzi kwenye gunia. Mimi naona tunamlaumu asiyestahili. Umakini unasaidia, ila kasoro iko kwenye namna yenyewe ya kulipa, kwa sababu inamtaka mtu mmoja abebe hatari yote peke yake.

M-Pesa ilipozinduliwa Kenya Machi 2007, wito wake kwa wateja ulikuwa ni kutuma pesa nyumbani. Tanzania ilifuata mwaka 2008. Mtoto aliye mjini anapomtumia mama yake kijijini, hakuna bidhaa ya kukagua wala ahadi inayosubiri kutimizwa. Wanajuana tangu kuzaliwa, na akikosea kiasi atapiga simu yaishe. Huduma hiyo ya kindugu imebadili maisha ya mamilioni, nami siibezi hata kidogo. Lakini tumeichukua kama ilivyo tukaipeleka sokoni, baina ya watu wasiojuana hata kwa sura, tukategemea ifanye kazi ambayo haikuumbiwa. Kutuma hakuna sharti. Ukishabonyeza namba ya siri, pesa imehama, na mwenye kuipokea anaweza kuwa dirishani kwa wakala dakika hiyo hiyo.

Mauziano ya ana kwa ana hayakuwa hivyo kamwe. Sheria za uuzaji wa bidhaa za Tanzania na Kenya, ambazo mizizi yake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, zinasema kwamba pasipokuwa na makubaliano mengine, kukabidhi mali na kulipa bei ni mambo yanayokwenda pamoja. Zinampa pia mnunuzi nafasi ya kukagua kabla hajahesabiwa kuwa ameridhia. Hata asiyewahi kuisoma sheria hiyo anaiishi kila siku: anayenunua redio mtaani huomba iwashwe kwanza, aisikie ikiimba, ndipo mkono uende mfukoni. Umbali ndio uliotenganisha vitu hivyo viwili, na simu ikaharakisha kimoja tu.

Wachina walikutana na tatizo hilo hilo na wakalitafutia dawa. Mwaka 2003 soko la mtandaoni la Taobao lilikuwa changa, wanunuzi wakiogopa kutanguliza pesa na wauzaji wakiogopa kutanguliza mali. Ndipo ukaanzishwa utaratibu uliokuja kuitwa Alipay: mnunuzi analipa, pesa inakaa kwa mtu wa kati, muuzaji anaona kwamba ipo lakini haigusi mpaka mzigo ufike na kukubaliwa. Biashara ya kwanza kupita njia hiyo ilikuwa ya kamera iliyotumika, muuzaji akiwa Japani na mnunuzi akiwa mji wa Xi'an. Natamani wenye huduma zetu za pesa wakitafakari kisa hicho. Kilichozaa mojawapo ya huduma kubwa kabisa za malipo duniani ni woga wa kawaida wa watu wawili juu ya kifaa cha mtumba, na jibu lake lilikuwa kitu ambacho Kiswahili kina jina lake tangu zamani: amana.

Nitaambiwa kwamba biashara zetu zinakwenda kwa kuaminiana, na kuweka mtu wa kati ni kumtuhumu mwenzako. “Kwani huniamini?” Swali hilo limewapotezea watu wengi mali zao, maana aliyelelewa vizuri huona haya kulijibu. Jibu lake halina tusi lolote. Kuaminiana hujengwa na watu waliokwishatendeana, na hawa wawili hawajawahi. Tena bibi aliyeweka fedha zake kwa mzee wa mtaa hakumdharau mzee huyo. Alimheshimu kwa kumpa amana mbele ya mashahidi. Anayestahili kushtua ni yule anayekataa kila njia isipokuwa kutumiwa yote sasa hivi, anayesema kuna mteja mwingine yuko njiani, tanguliza basi hata kishika uchumba. Muuzaji mwenye mashine kweli hapotezi kitu kwa kusubiri siku mbili pesa ambayo ameshaona ipo.

Wengine watasema siku hizi laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo mwizi anajulikana. Usajili umesaidia, na jina linalojitokeza kwenye skrini kabla ya kuthibitisha muamala linafaa lisomwe kwa makini, kwani likitofautiana na la muuzaji hapo ndipo pa kusimama. Lakini laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine asiye na habari. Na hata mwenyewe akijulikana, fundi wa Songea atafungua kesi wapi, aache kazi siku ngapi, kwa nauli ya nani? Kumjua aliyekuibia na kurudishiwa chako ni mambo mawili.

Muuzaji naye tusimsahau, kwani huibiwa sana. Hutumiwa ujumbe wa kughushi unaofanana na ule wa kampuni ya simu, akapakia mzigo kabla ya kuangalia salio lake. Au pesa inaingia kweli, mzigo unaondoka, kisha mnunuzi anaidai kampuni irudishe muamala akisema alikosea namba. Pesa iliyo mikononi mwa mtu wa kati ingewalinda wote wawili kwa kufuli moja.

Mpaka utaratibu huo uwe wa kawaida kwetu, njia iliyo bora ni kurudisha malipo na makabidhiano mahali pamoja. Fundi amwagize ndugu au fundi mwenzake aliyeko Dar es Salaam aende kwenye kibanda, aijaribu mashine kwa kushona kipande cha kitambaa, anakili namba iliyogongwa kwenye chuma, alipe hapo hapo na aipeleke stendi mwenyewe. Amlipe kwa taabu yake. Au muuzaji awe na mtu wake Songea atakayeukabidhi mzigo na kupokea pesa. Gharama itakuwepo, na kwa kitu cha elfu thelathini huenda isilipe. Kwa mashine iliyobeba ada za watoto, nauli ya daladala na chakula cha mchana cha mwenzako ni bei ndogo.

Hoja ngumu kuliko zote dhidi ya mtu wa kati ni hii: kifaa kilichotumika hakikosi dosari, na mnunuzi mkorofi anaweza kuipokea mashine nzima akadai mbovu ili pesa isiachiwe. Nani ataamua? Hili huamuliwa kabla mzigo haujafungwa. Muuzaji aandike kwamba mkanda umechakaa, sindano moja huruka mishono, mota imewahi kufungwa upya; apige video mashine ikishona huku namba yake ikionekana. Yaliyotajwa mnunuzi ameyakubali, na mabishano yanabaki kwenye yale yaliyofichwa tu. Kisha pawe na muda wa kujaribu, tuseme siku moja tangu mzigo uchukuliwe stendi, na ukipita kimya pesa iachiwe yenyewe. Siku moja inamtosha fundi. Atafungua gunia, atafuta vumbi la safari, atapitisha nyuzi kwenye vijitundu vyake, ataukanyaga mkanyagio na kusikiliza. Mshono ukitoka sawa, ndipo achukue simu aweke namba ya siri.