Joto la Bure ni la Nani?

Majira ya baridi hapa Minnesota utaona jambo la ajabu kwenye fleti zetu: nje theluji, ndani hita inawaka kwa nguvu zote, na dirisha liko wazi. Ukiuliza, unajibiwa, "Joto limo ndani ya kodi." Yaani halimwongezei mtu gharama, basi kulimwaga nje si kosa.

Tuwe wakweli. Katika majengo ya zamani yanayopashwa joto kwa mvuke, redieta nyingi hazina namna ya kupunguzwa. Mama anayefungua dirisha ili mtoto asilale akitoka jasho hana hatia. Wala si utakatifu kumwacha bibi akitetemeka eti tunabana matumizi. Nasema juu ya yule anayeweza kupunguza na hataki.

Kwake, kisicho na bei hakina kosa. Lakini ule mkate wa Yohana 6, watu elfu tano hawakuulipia hata senti. Walishiba, na aliyeutoa angeweza kutoa mwingine kesho yake. Bado aliagiza mabaki yaokotwe, vikajaa vikapu 12. Hapakuwa na uhaba, wala bili.

Wengine husema tukihamia umeme wa jua na upepo tutaacha taa ziwake mpaka asubuhi. Mimi nayafurahia mabadiliko hayo. Sheria ya Minnesota ya mwaka 2013 ilifungua njia hata kwa mpangaji asiye na paa lake kujiunga na mradi wa sola wa pamoja. Ila jua ni la bure, vyombo vya kulivuna si vya bure. Nyaya zinataka shaba, betri nyingi zinataka kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, hasa upande wa Kolwezi. Wapo kati yetu wanaoyajua mashimo yale, na vijana wanaoshuka humo kwa mikono mitupu. Balbu ya LED hula umeme pungufu kwa angalau asilimia 75 kuliko balbu ya zamani. Umeme usiotumika hauhitaji shimo jipya.

Na kama redieta yako haipunguziki, mwandikie mwenye jengo. Kiingereza kikikusumbua, vijana wetu watakusaidia barua hiyo baada ya ibada.