Mhusika ni Mali ya Nani?

Mwandishi wa riwaya akiulizwa wahusika wake amewatoa wapi, aghalabu hukwepa. Husema wamemjia tu, usiku, au njiani. Wayunani wa kale walikuwa na jibu tayari: miungu tisa wa kike ndio waliompa mtunzi maneno. Watunzi wa tenzi za Waswahili walianza kwa jina la Mungu, kisha wakaagiza karatasi na wino. Hata neno letu ilhamu linabeba fikra hiyo ya kitu kinachoteremka kutoka juu. Sina ugomvi na imani ya mtu yeyote, lakini naona jibu hili lina raha moja kubwa kwa mwandishi: linamfutia deni. Kilichoteremka hakina mtu wa kukidai. Kilichochotwa kwa jirani kina mwenyewe, naye huenda akaja kubisha hodi.

Swali langu ni hilo la deni. Mwandishi akimchukua mtu halisi, akamvua jina, akamvisha jingine na kumtia kitabuni, je, amemwibia? Ushauri tunaopewa mara nyingi katika utunzi ni kuficha: badili jina, badili kabila, badili kazi, changanya watu watatu wawe mmoja. Ni ushauri mzuri kwa anayeogopa mahakama. Mimi nadai kwamba hatari iliyo kubwa zaidi haiko kwa mwandishi anayemchukua mtu mmoja anayemjua, bali kwa yule asiyemchukua mtu yeyote.

Mfano ninaoupenda una ngazi tatu. Huko Edinburgh, Uskoti, kulikuwa na daktari wa upasuaji aitwaye Joseph Bell. Alikuwa na tabia ya kumtazama mgonjwa na kutaja kazi yake na alikotoka kabla mgonjwa hajajieleza. Mwanafunzi wake, Arthur Conan Doyle, alisimulia baadaye kisa cha mgonjwa ambaye Bell alimtambua kuwa ni mwanajeshi aliyeacha jeshi karibuni, tena aliyekuwa Barbados. Alijuaje? Mtu yule alikuwa na adabu lakini hakuvua kofia, kama walivyozoea wanajeshi. Na ugonjwa uliomleta ulikuwa matende, ambayo si ugonjwa wa Uingereza bali wa visiwa vya Karibi. Kutokana na mwalimu huyo alizaliwa Sherlock Holmes, aliyeonekana mara ya kwanza mwaka 1887. Doyle hakuficha. Mwaka 1892 alimwandikia Bell kukiri kwamba Holmes anatokana naye, na mkusanyo wa hadithi uliotoka mwaka huo aliutabaruku kwake. Bell naye akamrudishia sifa Doyle mwenyewe.

Ngazi ya tatu iko Zanzibar. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958 kwa riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, na humo tukamwona Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum anayekaa pale anapokaa Watson. Wahakiki hawachoki kusema kwamba Bwana Msa ni Holmes aliyehamia Unguja. Ni kweli, lakini maneno hayo yanaharakisha. Hebu chukua ile hoja ya matende uipeleke Unguja. Haifanyi kazi! Katika pwani ya Afrika Mashariki matende ni ugonjwa wa nyumbani. Mwenye mguu uliovimba huenda hajavuka hata kisiwa cha Chumbe. Mpelelezi wa Unguja lazima ajue mambo mengine: nani hukaa baraza gani, nani ni mtoto wa nani, watu wanaogopa nini. Abdulla, kabla ya kuwa mhariri wa magazeti, alifanya kazi ya ukaguzi katika idara ya afya. Bwana afya huingia majumbani mwa watu na kuona yale ambayo mgeni wa kawaida haonyeshwi. Nadhani nusu ya Bwana Msa ilitoka huko, kwenye nyua na visima, wala si Edinburgh.

Plato angecheka hapa. Katika Jamhuri anasema mchoraji wa kitanda yuko mbali na ukweli mara tatu, kwa kuwa anaiga kitanda cha seremala, na seremala naye ameiga wazo la kitanda. Kwa hesabu yake, Bwana Msa ni kivuli cha kivuli cha daktari. Mimi naona kinyume. Katika kila ngazi mwandishi alilazimika kuangalia tena, kwa sababu kile alichoazima hakikumtosha. Doyle alimtazama Bell, mtu mmoja. Abdulla alimsoma Holmes, kisha akawatazama watu wa Unguja. Kuazima huko hakukuwaondolea kazi ya kutazama.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linatuhusu sisi tunaosoma Kiswahili Uganda. Wengi wetu hatukulelewa kwa lugha hii. Mzanzibari wa kwanza niliyemjua kwa karibu alikuwa Bwana Msa. Sikuwa na mwingine wa kumlinganisha naye. Kama mwandishi angemchora vibaya, ningeamini, na huenda ningeamini mpaka leo. Kwa hiyo mwandishi hadaiwi na yule aliyechorwa peke yake. Anadaiwa pia na msomaji wa mbali asiye na njia ya kuhakikisha.

Kisha tazama hadithi zetu wenyewe. Kwetu Kiswahili kilisikika kwa muda mrefu kama lugha ya jeshi, na wazee wanakumbuka amri walizopewa kwenye vizuizi vya barabarani enzi za Idi Amin. Matokeo yake, katika hadithi tunazoandika na kusomeana, mhusika akifungua kinywa na kutoa Kiswahili, msikilizaji ameshamjua: ni askari, na kama si askari ni mwizi. Ana macho mekundu, anataka pesa, hana mama. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ikakifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, lakini mhusika huyo bado hajapata habari.

Askari huyo ametolewa wapi? Hakutolewa kwa mtu. Ametolewa kwenye hofu ya watu wengi, ikapita mdomo hadi mdomo mpaka ikawa laini kama jiwe la mtoni. Sisemi hofu ile ilikuwa ya uongo. Waliokufa walikufa kweli, na familia zao zinajua. Nasema kwamba mwandishi anayeiokota hofu hiyo na kuivisha kombati hajamtazama askari yeyote. Na kwa sababu hakumtazama yeyote, hakuna wa kumsahihisha. Bell aliweza kumjibu Doyle. Askari wa hadithi zetu hana anwani, na madhara yake yanamwangukia kila mwenye kufungua kinywa kwa Kiswahili sokoni.

Mwenzangu mmoja darasani alinipinga, na hoja yake ina uzito. Bell, alisema, alikuwa daktari mwenye jina. Angechukizwa, angeandika gazetini na watu wangemsikiliza. Je, mtumishi wa ndani ambaye aibu yake imetiwa kwenye hadithi ya mtoto wa tajiri wake atamjibu nani? Yeye ana anwani, lakini hana sauti. Bora basi kuchora hofu ya wote kuliko kumvua nguo mnyonge mmoja.

Nakubali nusu. Deni halilingani kwa kila mtu. Kadiri anayechukuliwa asivyoweza kujibu, ndivyo linavyokuwa zito. Hata sifa hazilifuti. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyeanza maisha akiuza vyungu, tena kwa jina lake mwenyewe. Hiyo si riwaya, na ni kitabu cha heshima. Lakini nikikisoma namwona Siti amekuwa ndugu wa Utubora na Adili, wale watu wema aliowabuni mwandishi yuleyule. Wema wake umepakwa sawasawa kila upande. Siti alifariki mwaka 1950, kitabu kikatoka baadaye, kwa hiyo hatutajua angependa kipi kiongezwe na kipi kifutwe. Nisichokubali ni kwamba dawa ya hayo ni kutomtazama mtu. Dawa ni kumwendea.

Mimi ninaandika hadithi ya mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyekuwa mpishi jeshini miaka mingi. Kiswahili chake kimejaa majina ya vyakula na matusi ya masufuria, na ni yeye peke yake pale mtaani anayeweza kuisikia hadithi hiyo bila kutafsiriwa. Nilimwendea kabla ya kuendelea, nikamsomea kurasa za mwanzo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa masharti mawili. La kwanza, marehemu mkewe asitajwe. Hilo nilimkubalia palepale. La pili lilinishangaza.

"Mwanangu," alisema, "kwenye kitabu unifanye sajini."

Nikamwambia, "Lakini mzee, wewe ulikuwa mpishi."

"Ndiyo. Waliojua hilo wamekufa karibu wote."

Nimelifikiria sharti hilo wiki nzima. Maisha ni yake, na kama deni lipo, hii ndiyo bei aliyoitaja mdai mwenyewe. Lakini masajini wamejaa katika hadithi zetu, na mimi nilimfuata kwa sababu ya yale masufuria. Nimerudi kwake mara mbili, kila mara na kurasa mpya. Ameshakubali kushushwa hadi koplo. Bado tunabishana.