Kabla ya kumlaani teja, tuulize anaumwa nini

Katika darsa zetu hapa mjini huulizwa sana swali hili: Je, teja ni mwenye dhambi au ni mgonjwa? Wapo wasemao ni mwenye dhambi, kayataka mwenyewe, basi aachwe na yake. Wapo wasemao ni mgonjwa tu, hana lawama yoyote. Kwa maoni yangu, kila kundi limeshika upande mmoja wa jambo na kuuacha wa pili.

Heroini, ambayo mitaani huitwa unga, inatokana na afyuni, kama ilivyo mofini wanayopewa wagonjwa wa saratani hospitali. Allah (s.w.) ameujaalia mwili wa mwanadamu utengeneze wenyewe vitu vya kutuliza maumivu, na dawa za jamii ya afyuni hufanya kazi pale pale vinapofanyia kazi vitu hivyo. La kuzingatia ni kuwa mfumo huo unahusika pia na uchungu wa moyo, kama vile kufiwa au kutelekezwa. Hivyo, dawa inayomtuliza aliyevunjika mguu humtuliza na aliyevunjika nafsi. Lakini utulivu huo ni wa mkopo. Mwili ukishazoea hudai zaidi, na mtu huweza kuhisi maumivu kuliko mwanzo. Arosto ikimbana, hatafuti tena raha, anatafuta nafuu.

Marekani wameliona hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma iliingiza sokoni dawa ya maumivu ya OxyContin, na mwaka 2007 ilikiri mahakamani kuwa iliwapotosha watu kuhusu hatari ya dawa hiyo kuleta uteja. Wengi walioanza na maumivu ya mgongo waliishia kwenye heroini. Aidha, utafiti uliochapishwa huko mwaka 2003 ulionesha kuwa waliopatwa na aina tano au zaidi za madhila utotoni, kama kupigwa, kunajisiwa au kulelewa katika nyumba ya ugomvi, walikuwa na uwezekano mara 7 hadi 10 zaidi wa kupata matatizo ya madawa ya kulevya.

Sasa tujiangalie sisi. Unga ulianza kuingia pwani yetu miaka ya 1980, na kila kijana akiharibika tunasema ni makundi mabaya. Ni kweli, makundi yapo. Lakini mtoto aliyenajisiwa na jamaa yake, kisha akaambiwa anyamaze ili kulinda heshima ya ukoo, aupeleke wapi uchungu ule? Maskani hawamuulizi kitu, wanampa kete. Aliyemdhulumu ataulizwa na Mola wake, na walionyamaza nao wataulizwa.

Je, hoja hii inaufanya unga kuwa halali? Hasha! Kilevi ni haramu, na wapo wengi waliopata dhiki kubwa wasiuguse. Lakini hukumu ya kitendo ni jambo moja, na namna ya kuamiliana na mtendaji ni jambo jingine. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kuwa Sahaba mmoja alikuwa akiletwa mbele ya Mtume (s.a.w.) kwa kosa la ulevi, akaadhibiwa. Siku moja mtu akamlaani kwa kuwa analetwa mara kwa mara. Mtume (s.a.w.) akakataza asilaaniwe, akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Adhabu haikufutwa, na udugu pia haukufutwa. Haya mawili sisi yametushinda kuyaweka pamoja.

Wapo wanaodai kuwa methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, ni kubadilisha kilevi kwa kilevi. Lakini methadoni hunywewa kwa kipimo cha daktari, huzuia arosto kwa takriban siku nzima, na humtoa mtu kwenye sindano na wizi. Shari ndogo huchukuliwa ili kuondoa kubwa, na kanuni hiyo wanafiqhi wetu wanaijua vyema.

Ndugu zangu, msikiti unaomfukuza teja kwa sababu ananuka unampeleka kwa nani? Maimamu tuwafungulie mlango. Wazazi nao, mtoto akija na habari ya kudhulumiwa, wamsikilize siku hiyo hiyo, kabla hajampata wa kumsikiliza maskani.

Wallahu a'lam.