Kazi ya Kalamu katika Nyumba ya Bwana

Yasomwe kwanza: Yeremia 32:6-15, Hesabu 8:23-26, Warumi 16:21-23.



Mwezi huu usharika wetu umeagana na mama mmoja aliyekuwa karani wa ofisi yetu tangu ujana wake hata kichwa chake kimejaa mvi. Jina lake silitaji, kwa kuwa mwenyewe ameniomba nisilitaje. Nami nimemtii, ijapokuwa si kwa furaha. Sisi sote twamwita Mama Karani. Wachungaji wamekuja na kuhamishwa, wazee wa kanisa wamechaguliwa na kumaliza zamu yao, naye alikuwapo siku zote. Alipoanza kazi aliandika kwa wino, na kwa mashine ya chapa yenye utepe mweusi. Siku hizi ofisi ina kompyuta. Akajifunza hiyo pia, hali amekwisha kuwa mtu mzima, akisema ya kwamba vidole vyake vyaijua njia, ila macho ndiyo yanayochelewa.

Nilipotafuta neno la kuhubiri siku ya kuagana naye, nalilipata kwa mtu asimamaye nyuma ya nabii. Yeremia alikuwa amefungwa katika uwanja wa walinzi. Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzunguka Yerusalemu, na njaa ilikuwa imeingia mjini. Wakati kama huo ni nani anunuaye shamba? Lakini Bwana alimwagiza alinunue shamba la Hanameli, mwana wa ami yake, huko Anathothi, nchi ambayo adui alikuwa akiikanyaga. Akampimia fedha, shekeli 17. Hati ikaandikwa, mashahidi wakatia sahihi zao, ikawa nakala mbili, moja imetiwa muhuri na moja wazi. Kisha zote mbili zikawekwa mkononi mwa Baruku mwana wa Neria, mbele ya watu wote, azitie katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi.

Angalieni jambo hili. Mungu alikuwa ameahidi ya kuwa nyumba na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile. Ahadi hiyo ilikuwa kubwa kuliko Babeli, na alama yake ilikaa ndani ya chungu, na chungu kilikuwa juu ya dhamana ya karani. Kama Baruku angalikuwa mzembe, akakiweka mahali penye unyevu, neno la Mungu lisingalianguka, la hasha. Lakini watu wangalikosa ushahidi wa kushika mkononi.

Sisi nasi tuna chungu chetu. Ni kabati la mbao ngumu, miguu yake imesimama ndani ya makopo yenye mafuta ili mchwa wasipande. Ndani yake mna vitabu vya ubatizo, vya kipaimara, vya ndoa na vya mazishi. Kurasa za kwanza zimeandikwa na mikono ya watu waliolala zamani. Mwajua ya kwamba mwaka 1920 wamisioni Wajerumani waliondolewa katika nchi hii, na tena vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 wengi wakakamatwa na kufungwa. Mara hizo mbili waalimu na wazee, na safari ya pili wachungaji wenyeji pamoja nao, waliushika mzigo wa sharika nyingi. Sisi tumezoea kuhesabu mahubiri na majengo. Mimi nasema, yeye aliyekaa na kalamu jioni, akaandika jina la mtoto na la baba yake na la wasimamizi wake, naye alilinda kundi.

Siku moja alikuja ofisini mzee aliyetoka mbali. Hakuwa na cheti cha serikali cha kuzaliwa, kama walivyo wazee wengi waliozaliwa vijijini, naye alitakiwa kuonyesha umri wake. Alisema amebatizwa kwetu, lakini mwaka haujui. Ajua tu kwamba ulikuwa mwaka wa nzige. Mama Karani alimtafuta siku tatu. Jina alilojiita halikuwamo. Siku ya tatu akamwuliza, "Baba, bibi yako alikuitaje?" Akataja jina ambalo hakuna mtu amwitaye tena kwalo. Likapatikana. Yule mzee aliweka kidole juu ya mstari ule asikiondoe, ingawa kusoma hakujua.

Hapa ninalo neno la kuungama. Miaka kadha iliyopita mtu mmoja wa heshima, aliyetoa sana kwa ajili ya jengo letu, aliniomba cheti cha ubatizo cha mwanawe, na mwaka wa kuzaliwa upunguzwe miwili. Sababu zake alikuwa nazo. Nami, ndugu zangu, nilikwenda kwa karani nikamwambia, "Mama, badili tu, si jambo kubwa." Akaiweka kalamu mezani. Akasema, "Baba Mchungaji, kitabu hiki si changu, wala si chako." Hakuongeza neno. Nilitoka nikiwa na hasira, na usiku nikakumbuka yule wakili katika Luka 16, aliyewaambia wadeni wa bwana wake waketi upesi na kuandika hesabu nyingine. Niliona ya kuwa katika mfano ule mahali pangu napajua. Yule mtu wa heshima alitukasirikia, na sadaka yake tuliikosa muda mrefu. Kitabu kimebaki kama kilivyo.

Sisi Walutheri twapenda kumtaja Luther, na ni haki. Lakini ni wachache wamjuao Georg Rörer. Alizaliwa mwaka 1492, na mwaka 1525 Luther mwenyewe alimwekea mikono awe mtumishi katika kanisa la mji wa Wittenberg. Huyu aliketi chini ya mimbari akaandika mahubiri kwa haraka, akichanganya Kilatini na Kijerumani na kuyafupisha maneno, maana ulimi hupita kalamu. Mwaka 1527 tauni ilipoingia mjini, mkewe alifariki katika uchungu wa kuzaa. Mwaka wa pili yake Luther alihubiri mfululizo juu ya mafundisho ya Katekisimo, na mahubiri hayo twayajua kwa sababu Rörer aliyaandika. Katika mahubiri hayo kilitoka Katekisimo Kikubwa cha mwaka 1529. Tena alisahihisha kurasa za Biblia ya Kijerumani kabla hazijapigwa chapa, kazi ya macho na uvumilivu. Akafa huko Jena mwaka 1557, na maandiko yake yangali yakitunzwa mjini humo. Waalimu mnaofundisha watoto wa kipaimara, mkumbukeni mtu huyu mnapofungua kitabu chenu.

Naye Paulo alikuwa na Tertio. Waraka kwa Warumi, ambao twausoma kama chemchemi ya Injili, uliandikwa kwa mkono wake, na karibu na mwisho anajitokeza kwa sentensi moja tu, awasalimu ndugu katika Bwana. Paulo hakumzuia. Nilimwonyesha Mama Karani mstari huo, nikitumaini ya kwamba ataniruhusu kulitaja jina lake. Akacheka, akasema Tertio alikuwa kijana.

Basi tusome na sheria ya Walawi. Mlawi aliingia katika huduma ya hema tangu miaka 25, na alipofika miaka 50 aliiacha kazi. Lakini aliweza kuwasaidia ndugu zake katika ulinzi. Mwaona, kupumzika kwake kuliamriwa na Mungu mwenyewe. Hakufukuzwa, wala hakuomba kama fadhili. Wako watumishi wanaoona aibu kustaafu, kana kwamba wametupwa. Na ziko sharika zinazomng'ang'ania mtu hata nguvu zimwishe, kwa kuwa ni rahisi kuliko kumfundisha mwingine. Yote mawili si sawa. Kijana aliyeshika nafasi yake ameomba Mama aje siku moja kila juma kuketi naye, wala asibebe kitu.

Lakini Walawi walipewa na fungu lao, yaani zaka za Israeli, kuwa ujira wa huduma yao. Hapa imenipasa kusema neno chungu, na wazee wa kanisa wameniruhusu. Tulipokaa kuandaa sherehe, mmoja alitaja khanga, mwingine mbuzi, mwingine saa ya ukutani. Ndipo mtunza hazina akauliza habari za michango yake ya uzeeni. Tukafungua hesabu. Ikaonekana ya kuwa miezi mingi, wakati wa kujenga mnara, tulikata fedha katika mshahara wake, wala hatukuzipeleka zilikopasa kwenda. Kengele twaisikia kila Jumapili. Fedha zile zimo ndani ya ngazi zake. Wala hatuwezi kusema ati tulisahau. Aliyeandika hesabu hizo ni yeye mwenyewe, na mwisho wa kila mwaka aliweka mezani petu karatasi yenye jumla ya deni, imepigwa chapa vizuri, pasipo neno la lawama. Tulizipokea karatasi hizo, tukafunga mkutano kwa sala. Yakobo, katika mlango wa tano, asema habari ya ujira uliozuiliwa, ya kuwa una sauti, na sauti hiyo yafika masikioni mwa Bwana. Sisi tulikuwa na masikio karibu zaidi.

Mkutano ule uliendelea hata usiku. Wengine walitaka tulipe baada ya mavuno. Mzee mmoja, ambaye kwa kawaida husema kidogo, alisimama akasema hatakula nyama ya mbuzi yule kabla deni halijalipwa. Basi sherehe ikasogezwa mbele majuma manne, tukakusanya, tukalipa yote, na mbuzi akanunuliwa mwisho. Nanyi msomao, wenye makarani, walinzi wa usiku na wapiga kengele, fungueni hesabu zenu kabla hamjatafuta zawadi.

Siku yenyewe ilikuwa njema. Kwaya iliimba, akina mama walimfunika kwa khanga nyingi hata akaonekana uso tu. Watu walipokwisha kutawanyika aliniita ofisini anikabidhi funguo za kabati. Alihesabu vitabu kimoja kimoja, na kijana aliye mahali pake akaviandika. Kisha akafungua kitabu cha ubatizo penye karatasi aliyoweka kuwa alama, akanigeuzia, akasema, "Baba Mchungaji, ukurasa huu hujautia sahihi."

Nikaketi, nikatia sahihi.