Unasifiwa na Nani?

Wakae vijana watatu wa Kagera popote, iwe jirani na stendi ya Bukoba au ndani ya Hiace iliyojaa inayokwenda Muleba, mjadala wa nyimbo ukianza hauchukui muda kumfikia Salome. Kwanza yupo wa Saida Karoli, Maria Salome wa mwaka 2001, ambao wengine wanaujua kwa jina la Chambua Kama Karanga. Kisha yupo wa Diamond Platnumz na Rayvanny, uliotoka Septemba 2016 ukiwa umejengwa juu ya ule wa kwanza. Hukumu nayo haichelewi: huu wa pili unasifiwa kupita kiasi.

Mimi naupenda wa kwanza zaidi. Nasema mapema ili nisionekane refa. Hata hivyo hukumu ile inanikera, na kinachonikera ni kitenzi chake. "Unasifiwa" na nani? Wimbo haujisifu. Anayesema unasifiwa kupita kiasi hajausema wimbo bado, amewasema watu: kwamba wana masikio lakini hawana kipimo. Hiyo ni tuhuma, na mtu akituhumiwa ana haki ya kuuliza ushahidi uko wapi.

Ushahidi unaoletwa kwanza, karibu kila mara, ni kwamba "ametuchukulia wimbo wetu". Wetu sisi nani? Wimbo una mwenyewe, mwanamke aliyezaliwa kijiji cha Rwongwe, Bukoba, akaimba kwa sauti yake. Kama tunamwonea uchungu, yapo maswali ya kuuliza: aliombwa? alilipwa? jina lake limewekwa panapostahili? Ni maswali mazito, na majibu yake hayatuambii lolote kuhusu ngoma ile kama inapigwa vizuri. Wimbo unaweza kulipiwa hadi senti ya mwisho ukabaki chapwa, na mwingine ukaibwa mchana kweupe ukabaki mtamu. Tunachofanya ni kuchukua hasira ya haki na kuivalisha nguo za ladha, kwa sababu kusema "wimbo mbaya" ni rahisi kuliko kufuatilia mkataba. Tena hiyo "sisi" ina tabia ya kujitokeza siku ya ushindi tu. Katika miaka ile Saida alipokuwa hasikiki sana redioni, sikumbuki mtu yeyote aliyeniambia kwamba sisi tumenyamaza.

Ushahidi wa pili una nguvu zaidi: wanausifu hawajui hata Kihaya. Hapo inabidi tuwe wakweli kidogo. Maria Salome ule wa kwanza, ulioimbwa kwa Kihaya, ulichezwa Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo na watu wasiojua hata salamu ya Kihaya. Na watoto wa Kihaya waliolelewa Dar es Salaam wanaimba kwa nguvu kile kipande cha karanga, kisha wanaguna hadi kirudi tena. Je, mapenzi yao ni ya uongo? Wazazi wetu walicheza Mario ya Franco mwaka 1985 bila Kilingala, na bado mtaani tukabaki na neno "marioo" kwa mwanamume anayelelewa na mwanamke. Maana ilipenya. Ilipita mlango gani, mimi sijui, lakini ilipenya.

Sisemi maneno si kitu. Kagera hiyohiyo ina tendi za nanga, ambazo Profesa Mulokozi alizitafiti kwa miaka mingi. Asiyemjua Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba, akisikia utendi wake atasikia nyuzi zikilia na mzee akiimba, basi. Huyo akisema "nimeupenda sana", nitamjibu kwa upole kwamba umependa nusu. Utendi unaishi kwa kisa. Maria Salome, kwa sikio langu, unaishi kwa sauti ya Saida: inavyopanda bila kujikaza, kama mtu anayeita jirani ng'ambo ya mgomba. Anayeipenda sauti hiyo bila kuelewa maneno ameufikia wimbo pale hasa unapokaa.

Na hapo ndipo penye ugomvi wangu na Salome wa 2016, ugomvi ambao nadhani ni wa wimbo wenyewe. Umechukua mdundo, ukachukua jina, ukatengenezwa kwa ustadi ambao sitaukana. Ukipigwa ukumbini miguu yangu haisubiri maoni yangu. Lakini ile sauti haipo. Mwaka 2001 mwanamke ndiye aliyekuwa akiimba. Mwaka 2016 wanaume wawili wanaimba, na mwanamke amekuwa wa kutazamwa. Kilichoufanya wimbo uwe mkubwa kimegeuzwa pambo la video. Akiniuliza mtu kwa nini nauona umekadiriwa juu, nitamwambia hilo, na anaweza kunibishia kwa kuusikiliza tena.

Bado nabaki na shida moja. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko liliipiga Bukoba, likaua watu na kubomoa nyumba na shule. Ni mwezi uleule. Wapo waliousikia wimbo huo kwa mara ya kwanza wakiwa wanalala nje, wakiogopa kuta zao wenyewe. Jina la kwao lilikuwa kwenye habari kwa sababu ya vifo, mara likawa redioni kwa sababu ya ngoma. Mtu huyo akiniambia hakuna wimbo unaoufikia, nitafungua hoja yangu ya sauti na pambo? Sioni kwamba hoja inakuwa ya uongo mbele yake. Naona tu kwamba yeye hasemi habari za ubora. Anasema habari za mwezi ule, na kwa hilo mimi sina kipimo.

Kwa hiyo ubishi wangu nauweka kwa vijana wenzangu wa kwenye Hiace, wenye nafasi ya kubishana hadi Muhutwe. Na nikiwa nao napenda kuugeuza: tuache kwanza zinazosifiwa mno, nani anasifiwa kidogo? Hayati Justin Kalikawe, mtu wa Bukoba aliyeimba reggae kwa Kiswahili, wengi wa rika langu hawawezi kumtajia nyimbo mbili. Saida mwenyewe alirudi mwaka 2017 na Orugambo. Nikiutaja huo, mara nyingi gari zima linanyamaza, kisha mmoja anatoa simu kuutafuta.